Augustin Dupré: mchongaji aliyeipa faranga ya Ufaransa sura ya jamhuri

Katika masoko ya Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, bei hutajwa kwa faranga kila siku, na jina hilo limezoeleka kiasi kwamba ni nadra mtu kuuliza lilitoka wapi. Jina lenyewe ni la Kifaransa na umri wake ni zaidi ya miaka 600. Lakini faranga kama kipimo cha pesa kinachogawanyika kwa kumi na kwa mia ilizaliwa mjini Paris mwaka 1795, katikati ya msukosuko wa Mapinduzi ya Ufaransa. Aliyechonga sarafu yake ya faranga 5, iliyopigwa kwa madini ya fedha, alikuwa fundi aliyelelewa katika mji wa wafua bunduki. Jina lake ni Augustin Dupré.

Dupré aliishi miaka 84. Katika umri huo alimtumikia mfalme, akaitumikia jamhuri iliyomuua mfalme huyo, kisha akaondolewa kazini na jenerali aliyekuwa njiani kujifanya maliki. Kazi yake ilimweka mbele ya swali ambalo kila taifa linalobadilisha utawala hukutana nalo: sura ya mtawala ikifutwa kwenye pesa, kiwekwe nini mahali pake ili mwananchi aendelee kuiamini?

Kijana wa mji wa bunduki

Augustin Dupré alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1748 huko Saint-Étienne, mji ulio katikati ya Ufaransa, kusini-magharibi mwa Lyon. Saint-Étienne ulijulikana kwa makaa ya mawe, kwa chuma na kwa silaha. Mwaka 1764, Dupré alipokuwa kijana mdogo, karakana za mji huo zilipewa hadhi ya kiwanda cha kifalme cha silaha. Bunduki za matajiri hazikutengenezwa kwa ajili ya kulenga tu; vyuma vyake vilipambwa kwa nakshi za maua, wanyama na matukio ya mawindo. Ni katika kazi hiyo ya kupamba silaha ndipo Dupré alipojifunza kushika patasi ndogo na kuchora juu ya chuma kigumu.

Akiwa na umri wa takriban miaka 20 alihamia Paris. Huko aliendelea na nakshi za vyuma na madini ya thamani, kisha akageukia medali. Medali haikuwa pesa. Ilikuwa kipande cha madini kilichopigwa kwa heshima ya mtu au tukio, nacho kilihitaji ustadi uleule unaohitajika kwa sarafu, isipokuwa mchongaji aliweza kuingia ndani zaidi ya chuma, kwa kuwa medali haipangwi juu ya nyingine wala haihesabiwi sokoni. Wakati huo kazi ya kuchonga sarafu za mfalme ilikuwa mikononi mwa Benjamin Duvivier, na kijana wa kutoka mkoani hakuwa na njia rahisi ya kuifikia.

Ujirani na Benjamin Franklin

Mlango ulifunguliwa na vita vya mbali. Makoloni 13 ya Uingereza huko Amerika ya Kaskazini yalitangaza uhuru wao Julai 1776, na mwishoni mwa mwaka huo Benjamin Franklin aliwasili Ufaransa kutafuta msaada. Alikaa Passy, kijiji kilichokuwa nje kidogo ya Paris, hadi mwaka 1785. Dupré naye aliishi Auteuil, kijiji cha jirani, na inasimuliwa kuwa wawili hao walifahamiana kwa kukutana katika njia ya kuelekea mjini.

Franklin alikuwa ametumia sehemu kubwa ya maisha yake katika uchapishaji, na alijua nguvu ya picha inayopita mkono kwa mkono. Alitaka medali itakayoadhimisha uhuru wa Marekani na wakati huohuo kuishukuru Ufaransa. Medali hiyo, iliyotoka mwaka 1783 na kuitwa Libertas Americana, ilichongwa na Dupré. Upande mmoja una kichwa cha mwanamke kijana mwenye nywele zinazopeperushwa na upepo. Yeye ndiye Uhuru, na nyuma yake iko fimbo iliyotundikwa kofia. Katika Roma ya kale, mtumwa aliyeachwa huru alivishwa kofia ya namna hiyo. Upande wa pili, uliotokana na mchoro wa Esprit-Antoine Gibelin, unaonyesha mtoto mchanga Hercules akiwanyonga nyoka wawili. Nyoka hao ni majeshi mawili ya Uingereza yaliyosalimu amri, la kwanza Saratoga mwaka 1777 na la pili Yorktown mwaka 1781. Kando ya mtoto amesimama mungu wa kike Minerva, mwenye ngao iliyopambwa maua ya yungiyungi ya wafalme wa Ufaransa, akimkinga dhidi ya mnyama mkali anayewakilisha Uingereza.

Nakala za dhahabu walipewa mfalme na malkia wa Ufaransa. Nakala nyingine zilivuka bahari, na sarafu za kwanza za Marekani zilizopigwa kuanzia mwaka 1793 zilionyesha kichwa cha Uhuru kinachofanana na kile cha Dupré. Baadaye alichonga pia medali ya Franklin mwenyewe, na medali ya nahodha John Paul Jones iliyoagizwa na Bunge la Marekani. Hivyo, kabla Ufaransa haijawa na mapinduzi yake, mchongaji huyu alikwisha kufanya mazoezi ya kuchora uhuru, umoja na nguvu za wananchi, bila uso wa mfalme yeyote.

Mfalme upande mmoja, sheria upande mwingine

Kwa karne nyingi sarafu ya Ufaransa ilikuwa mali ya mfalme. Ilibeba uso wake, nembo ya ukoo wake na maneno ya Kilatini yaliyotamka kwamba anatawala kwa neema ya Mungu. Hesabu zake zilikuwa ngumu: livre moja ilikuwa na soli 20, na soli moja ilikuwa na denari 12. Sarafu kubwa ya fedha ilikuwa na thamani ya livre 6, na ile ya dhahabu livre 24.

Mapinduzi yalipoanza mwaka 1789, mfalme Louis XVI hakuondolewa mara moja. Wabunge walitaka abaki, ila chini ya katiba. Mnamo Aprili 1791 walitoa amri kuhusu sura mpya ya sarafu, na wachongaji wakaalikwa kushindana. Dupré alishinda, na Julai mwaka huo akateuliwa kuwa Mchongaji Mkuu wa Sarafu badala ya Duvivier.

Sarafu aliyoichonga ni kama mkataba wa kisiasa uliopigwa kwenye madini. Upande wa mbele ni Louis XVI, lakini Kilatini kimeondoka na cheo chake kimebadilika: yeye sasa ni mfalme wa Wafaransa, yaani wa watu, wala si mwenye nchi. Upande wa nyuma amesimama kijana mwenye mabawa mbele ya madhabahu, akiandika katiba juu ya ubao. Huyu ni Roho wa Ufaransa. Anachoandikia ni fimbo ya enzi ya akili, ambayo ncha yake ina jicho lililo wazi. Upande mmoja wake yupo jogoo, ishara ya kukesha, na upande mwingine upo mganda wa fimbo zilizofungwa pamoja, ishara ya umoja unaoshinda fimbo moja moja. Maneno yanayozunguka picha hiyo yanatangaza utawala wa sheria, na tarehe inahesabiwa pia kwa miaka ya uhuru.

Lakini mkataba huo ulikuwa umekwisha kupasuka. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Juni 1791, wiki chache kabla ya Dupré kuteuliwa, mfalme alitoroka Paris kwa siri pamoja na familia yake akielekea mpakani. Alikamatwa Varennes. Masimulizi maarufu yanasema Jean-Baptiste Drouet, msimamizi wa kituo cha farasi wa posta huko Sainte-Menehould, alimtambua kwa kulinganisha uso wake na picha iliyochapwa kwenye noti. Wengine husema ni sarafu. Kwa vyovyote vile, Dupré aliingia kazini akiwa na jukumu la kuchonga uso wa mfalme ambaye wananchi wengi hawakumwamini tena.

Ufalme uliangushwa Agosti 1792, jamhuri ikatangazwa Septemba, na tarehe 21 Januari 1793 Louis XVI akauawa kwa gilotini. Hata hivyo mitambo ya sarafu haikuweza kugeuka kwa kasi ya matukio, na zipo sarafu za mwaka 1793 ambazo bado zina uso wake na cheo chake. Bunge liliamuru picha hiyo iondolewe. Dupré alifuta uso wa mfalme na kuweka taji la majani lenye jina la Jamhuri ya Ufaransa na thamani ya sarafu. Kijana mwenye mabawa hakuguswa, kwa sababu yeye alikuwa akiiandikia nchi sheria, na sheria ilidaiwa kuwa bado ipo.

Karatasi, kengele na hofu

Miaka iliyofuata ilikuwa ya vita, njaa na hukumu za kifo. Upande wa pesa hali ilikuwa mbaya vilevile. Tangu mwishoni mwa 1789 serikali ilikuwa imetoa noti za karatasi zilizoitwa assignat, ambazo dhamana yake ilikuwa ardhi iliyotwaliwa kutoka kwa Kanisa. Mwanzoni noti hizo zilikuwa na msingi. Vita vilipopanuka, serikali ilichapa nyingi zaidi na zaidi, na thamani yake ikaporomoka. Wenye sarafu za dhahabu na fedha walizificha. Mkulima alikataa kuuza nafaka kwa karatasi, na mfanyakazi wa mjini aliyelipwa kwa karatasi alibaki na njaa. Sarafu nzuri za Dupré zilipigwa, lakini hazikuonekana mkononi mwa watu.

Hata sarafu ndogo za chenji ziliadimika. Kengele za makanisa ziliteremshwa na kuyeyushwa, na madini yake yakachanganywa na shaba ili kupiga sarafu za soli na denari.

Kazi ya mchongaji mkuu katika hali hiyo ilikuwa ya kiufundi na ya hatari kwa pamoja. Kwanza alichora, kisha akachonga umbo lililoinuka juu ya kipande cha chuma cha pua. Kipande hicho kilipashwa moto na kugumishwa, halafu kikagongwa ndani ya chuma kingine ili kuacha umbo la kubonyea. Huo ndio uliokuwa muhuri wa sarafu. Mihuri ilifungwa kwenye mtambo wa parafujo kubwa, uliozungushwa kwa nguvu za wanaume kadhaa, na kibao cha madini kikabanwa katikati. Muhuri mmoja ulichakaa au kupasuka baada ya kupiga sarafu nyingi, hivyo mingine ilibidi itengenezwe daima na kusambazwa kwenye karakana za mikoani. Kila karakana ilikuwa na herufi yake kwenye sarafu. Ya Paris ilikuwa A. Kosa moja katika muhuri lingerudiwa mara maelfu, na katika siku zile ishara ya ufalme iliyosahauliwa ingeweza kusomwa kuwa uhaini.

Kutokana na hofu ya wakati huo ilizuka hadithi ambayo wauzaji wa sarafu huisimulia hadi leo. Inasema kwamba mchongaji alihukumiwa kifo, akaomba dua mbele ya kijana mwenye mabawa aliyemchonga mwenyewe, na radi ikapiga na kuahirisha adhabu yake. Ndiyo maana wengine huiita picha hiyo malaika wa bahati. Hadithi hiyo ni ya kuuzia sarafu kuliko ya historia: Dupré alishika wadhifa wake tangu 1791 hadi 1803, kupitia miaka yote ya vitisho.

Hercules na wanawake wawili

Tarehe 15 Agosti 1795, Bunge lilipitisha sheria iliyoifanya faranga kuwa kipimo cha pesa cha Ufaransa. Jina halikuwa jipya. Faranga ya kwanza ilipigwa kwa dhahabu mwaka 1360, wakati wa kulipa fidia ya kumkomboa mfalme Jean II, aliyetekwa na Waingereza katika vita vya Poitiers mwaka 1356. Sarafu hiyo ilimwonyesha mfalme akiwa juu ya farasi, na jina lake lilihusishwa na maana ya kuwa huru. Miaka 435 baadaye, wanamapinduzi walilichukua jina hilo na kulipa uhuru wa aina nyingine.

Mabadiliko makubwa yalikuwa katika hesabu. Soli 20 na denari 12 ziliondoka. Faranga moja iligawanywa kwa desimi 10 na senti 100. Aidha, pesa ilifungwa kwenye vipimo vipya vya gramu na kilo vilivyowekwa mwaka huohuo. Faranga moja ilikuwa gramu 5 za fedha, ambapo sehemu 9 kati ya 10 ni fedha safi. Sarafu ya faranga 5 ilikuwa na uzito wa gramu 25 na upana wa milimita 37, kwa hiyo sarafu 40 zilitimiza kilo moja. Mwenye duka angeweza kuitumia pesa yake kama jiwe la mizani, na mnunuzi angeweza kuitumia mizani kuijaribu pesa. Huo ulikuwa ulinzi ambao noti ya karatasi haikuwa nao.

Kwa sarafu hiyo Dupré alirudi kwa Hercules. Shujaa huyo wa Wagiriki na Warumi alikwisha kupewa kazi na jamhuri: Novemba 1793, kwa pendekezo la mchoraji Jacques-Louis David, Bunge lilimchagua awe ishara ya wananchi wa Ufaransa, na Dupré akamchora kwa ajili ya muhuri wa dola. Wakati huo Hercules alitakiwa kuwa mkali, mwenye rungu la kuwaponda maadui. Kwenye sarafu ya mwaka 1795 ametulia. Amesimama katikati akiwa amejifunga ngozi ya simba, na mikono yake inawaunganisha wanawake wawili. Mmoja ni Uhuru, mwenye mkuki uliovalishwa kofia. Wa pili ni Usawa, aliyeshika timazi ya pembetatu ya waashi, chombo kinachoonyesha kama ukuta umelala sawa. Maneno yanayowazunguka yanataja umoja na nguvu. Mtoto aliyewanyonga nyoka katika medali ya Franklin amekuwa mtu mzima, na kazi yake sasa ni kuwapatanisha wawili ambao katika miaka ya mapinduzi walikuwa wamekwaruzana mara nyingi.

Upande wa pili una taji la majani, thamani ya sarafu na mwaka. Mwaka wenyewe haukuandikwa 1795. Uliandikwa mwaka wa 4, kwa kuwa jamhuri ilihesabu miaka yake tangu Septemba 1792. Ukingoni palipigwa maneno yanayosema kwamba sarafu ina dhamana ya taifa. Kwa sarafu ndogo za shaba, Dupré alichonga kichwa cha mwanamke mwenye kofia ya Uhuru. Sura hiyo ni miongoni mwa zile ambazo baadaye zilizoeleka kwa jina la Marianne.

Februari 1796 mitambo ya kuchapia noti iliharibiwa hadharani katika uwanja wa Vendôme mjini Paris. Noti za karatasi zilikufa, na pesa iliyobaki kuaminiwa ilikuwa ile ya madini.

Sura ya mtu yarejea

Novemba 1799 jenerali Napoléon Bonaparte alitwaa madaraka na kujiita Konsuli wa Kwanza. Kwa miaka michache Hercules aliendelea kupigwa. Kisha, mwezi Machi 1803, sheria mpya iliithibitisha faranga ya gramu 5 na kuiweka imara, lakini ikarudisha sura ya mtawala kwenye sarafu. Mihuri ya uso wa Bonaparte ilichongwa na Pierre-Joseph Tiolier, naye ndiye aliyepewa wadhifa wa Mchongaji Mkuu. Dupré aliondoka akiwa na umri wa miaka 54.

Hatua zilizofuata zilionekana kwenye pesa. Bonaparte alipokuwa maliki mwaka 1804, sarafu zake ziliendelea kwa miaka kadhaa kubeba jina la Maliki Napoléon upande mmoja na jina la Jamhuri ya Ufaransa upande wa pili. Kuanzia sarafu za mwaka 1809, jina la jamhuri liliondolewa.

Dupré aliishi miaka 30 zaidi. Aliona ufalme wa ukoo wa zamani ukirudi, akaona mapinduzi ya mwaka 1830 yakimleta mfalme Louis-Philippe. Alifariki tarehe 30 Januari 1833 huko Armentières-en-Brie, mashariki mwa Paris. Siku hiyo, pesa za Ufaransa zilikuwa na uso wa mfalme, na kazi yake ilionekana kuwa mabaki ya enzi iliyopita.

Miaka 15 baada ya kifo chake

Februari 1848 Louis-Philippe alipinduliwa na jamhuri ikatangazwa tena. Serikali mpya ilihitaji sarafu zisizo na uso wa mfalme, na ilizihitaji haraka. Ilirudi kwenye michoro ya Dupré: Hercules kwenye faranga 5 za fedha, kijana mwenye mabawa kwenye faranga 20 za dhahabu, na kichwa cha Uhuru kwenye senti moja. Jamhuri hiyo ilizimwa na Napoléon III, naye akaangushwa Septemba 1870 baada ya kushindwa vitani na Prussia. Kwa mara ya tatu Hercules aliitwa. Mwaka 1871, wafuasi wa Komuni waliposhika Paris, nao walipiga sarafu ya Hercules, wakiitofautisha kwa alama ndogo ya mkuki wa ncha tatu. Serikali ya Versailles na waasi waliokuwa wakipigana nayo walitumia picha ileile, kila upande ukidai kwamba umoja na nguvu za wananchi viko kwake.

Faranga 5 za Hercules ziliendelea kupigwa kwa wingi hadi mwaka 1878, ambapo bei ya fedha duniani ilikuwa imeshuka, na nchi za Umoja wa Kilatini wa Sarafu, ulioundwa mwaka 1865 na Ufaransa, Ubelgiji, Italia na Uswisi, zikakubaliana kusimamisha upigaji wake. Faranga 20 za dhahabu zenye kijana mwenye mabawa zilipigwa hadi 1898. Mwaka 1965 Hercules alirejea kwenye faranga 10 za fedha, na mwaka 1974 kwenye faranga 50. Faranga ya Ufaransa iliacha kutumika Februari 2002, nafasi yake ikachukuliwa na yuro.

Faranga ilivyofika kwetu

Ubelgiji, iliyojipatia uhuru mwaka 1830, iliifuata faranga ya Ufaransa kwa sheria ya mwaka 1832, kwa uzito uleule wa fedha. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alipoitawala Dola Huru ya Kongo, alipiga kuanzia mwaka 1887 sarafu za faranga zenye uso wake. Faranga 5 yake ilikuwa na gramu 25 za fedha, sawasawa na ile ya mwaka 1795, ila hapakuwa na Uhuru wala Usawa juu yake, na wananchi wa Kongo wa wakati huo hawakupewa vyote viwili. Baada ya majeshi ya Ubelgiji kuitwaa Rwanda na Burundi mwaka 1916, faranga ya Kongo ilichukua nafasi ya rupia ya utawala wa Wajerumani. Rwanda na Burundi zilitumia faranga ya pamoja kuanzia 1960, kisha kila nchi ikawa na yake mwaka 1964. Kongo iliiacha faranga mwaka 1967 ilipoanzisha zaire, na kuirejesha mwaka 1998.

Visiwani njia ilikuwa nyingine. Huko Madagaska, sarafu za fedha za kigeni, zikiwemo za faranga 5, zilikatwa vipande na kupimwa kwenye mizani ndogo ili kulipia vitu vya bei ndogo. Jina la pesa ya nchi hiyo, ariary, lina asili moja na riale ya Waswahili. Katika Ngazija, Sultani Said Ali alipigiwa sarafu zake Paris karibu na mwaka 1890, zenye maandishi ya Kiarabu, na kubwa kati ya hizo ilikuwa ya faranga 5.

Faranga ya leo katika eneo letu haina fedha ndani yake, wala huwezi kuijaribu kwa mizani. Kilichobaki cha sarafu ya Dupré ni jina na yale maneno ya ukingoni kuhusu dhamana ya taifa. Thamani ya noti inayopokewa sokoni asubuhi inategemea maneno hayo tu, yaani kama serikali na benki kuu vitatimiza vilichoahidi. Wafaransa waliolipwa kwa karatasi kati ya 1789 na 1796 walijifunza nini hutokea ahadi hiyo isipotimizwa.